Mshenga wa Chuma: Shajara ya Mzee Leonadi wa Igurwa

Igurwa, Jumatano, 3 Julai 1957

Kwako shajara yangu mpendwa. Pokea salamu zangu nyingi pamoja na heshima inayokustahili. Mimi ni mzima kwa neema ya Mungu, isipokuwa goti la kushoto. Naomba radhi kwa kukuacha kimya tangu Pasaka. Haikuwa dharau. Wino ulikauka, nami nikaona haya kukuandikia kwa penseli kama mtu anayepima mbao.

Sasa wino upo, na habari ipo. Jovitha, mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu Deodatha, ataolewa Jumamosi ya tarehe 27 mwezi huu. Leo wakwe walikuja kukamilisha mipango. Walitafuna punje za kahawa, wakanywa rubisi yetu ya ndizi, wakaisifu nyumba. Mambo yakaenda vizuri mpaka aliposimama Rwegoshora.

Huyu ni baba mkubwa wa bwana harusi. Tulisoma naye misheni, dawati moja. Yeye aliondoka na majibu yangu ya hesabu, mimi nikaondoka na adabu. Leo ana lori la kahawa, na hakuna lori jingine liendalo Bukoba kutoka huku kwetu. Akasema, kwa sauti ya kusoma matangazo kanisani, kwamba bibi harusi asihangaike. Atampakia katika lori lake. Magunia yatashushwa kwanza, yote, au angalau mengi.

Wakwe wakacheka. Nikasimama. Nikaomba radhi kwa kusimama. Nikasema Jovitha atafika kanisani ndani ya gari langu mwenyewe.

Kisha Rwegoshora akauliza, kwa upole kabisa, kama ni lile gari ambamo kuku wangu hutagia.

Ndilo.

Nisije nikadhaniwa mtu wa majivuno, nieleze. Marehemu mke wangu Kobugabe alikwenda kanisani siku ya ndoa yetu kwa miguu, ndani ya tope, viatu mkononi. Hakulalamika. Lakini katika ugonjwa wake wa mwisho aliniambia Jovitha asije akabeba viatu mkononi. Afike vikiwa mguuni, tena safi. Niliahidi. Aliyeahidiwa hayupo tena wa kunisamehe nikishindwa. Ndiyo maana nilisimama.

Alhamisi, 4 Julai

Hali ya gari. La Kimarekani, jeusi, pana kama kitanda cha chifu. Mzungu mmoja aliyekuwa akitafuta madini ya bati katika vilima vya Kyerwa alilitumia mpaka injini ikaungua, akaniachia kwa ng'ombe mmoja na maneno mazuri ya kuagana. Lina sifa moja kuu. Halina klachi! Gia hujibadili zenyewe, pasipo kuusumbua mguu wa dereva. Gari la kiungwana.

Injini nyingine nimekwisha kuipata, kutoka katika lori lililopinduka karibu na Nkwenda. Fundi wetu Placidius aliitazama, akaitazama na ile iliyoungua, akatangaza kwamba ni mapacha wa tumbo moja. Placidius alifanya kazi gereji kule Bukoba. Binamu yake anasema alikuwa akiosha magari. Hata hivyo, mtu aweza kujifunza mengi akiwa ameshika ndoo.

Leo tumeitundika injini kwenye mti wa msambya. Kuku nimewahamisha. Niliwaomba radhi.

Tatizo dogo limejitokeza. Injini ya lori ilikuwa na gurudumu zito la chuma mgongoni, la kushikana na klachi. Gari langu, kama nilivyosema, ni la kiungwana. Badala ya klachi lina chombo cha mviringo, kimezibwa pande zote, kimejaa mafuta. Ukikitikisa kinasema bwagu, bwagu. Placidius anakiita kibuyu. Injini hukizungusha kibuyu, na mafuta yaliyomo ndani huzungusha gia. Mpaka hapo nimeelewa.

Lakini injini na kibuyu havishikani vyenyewe. Kati yao huwekwa sahani nyembamba ya chuma. Matundu yake ya kati hufungwa kwenye injini, na ya pembeni hufungwa kwenye kibuyu. Sahani yetu ya zamani inakikubali kibuyu vizuri sana. Injini mpya inaikataa. Matundu ya kati hayalingani hata kwa kubembelezwa. Placidius akasema sahani ni mshenga, na mshenga tuliye naye anafahamika kwa wakwe wa upande mmoja tu.

Mapacha gani hawa! Sikusema. Niliwaza tu, kwa heshima.

Jumapili, 7 Julai

Yuko fundi wa chuma Bukoba, Bwana Harnam, mtu mwangalifu, awezaye kukata sahani yoyote akipewa kipimo. Deodatha akauliza kwa nini nisimpelekee sahani yenyewe ya zamani, pamoja na lile gurudumu la lori, aone matundu kwa macho yake. Binti yangu ana akili nyepesi ya mamaye. Hajui siasa.

Lori ni la nani? La Rwegoshora. Huuinua kila mzigo kwa mikono yake, akaunusa kama mbuzi wa kununuliwa. Akiona chuma atajua. Akijua, kuanzia hapa hadi darajani Kyaka watu wataimba kwamba gari la Mwalimu Leonadi halina moyo.

Nikafikiri wakati wote wa mahubiri. Namwomba Mungu radhi. Mpango ukanijia wakati wa sadaka.

Jani la mgomba! Baada ya ibada nilikata jani bichi, pana, lisilopasuka. Nikalipitisha juu ya moto lilainike, kama mama yangu alivyofanya alipofunga chakula cha safari. Nikalilaza juu ya sahani ya zamani, nikayatoboa matundu ya pembeni kwa mwiba. Nikalibandika kwenye mgongo wa injini mpya, nikayatoboa ya kati. Kipimo halisi! Nikalikunja, nikampa jirani yetu Eustadia, anayesafiri mara kwa mara kumwona dada yake Bukoba. Katika nchi hii nani amewahi kumwuliza mwanamke kwa nini amebeba jani la mgomba?

Eustadia aliuliza ndani yake mna chakula gani. Nikamjibu hamna. Akasema basi atatia chake, ni vibaya jani kusafiri tupu. Ilinilazimu kumsihi.

Ijumaa, 12 Julai

Sahani imefika, chini ya kikapu cha sukari. Inang'aa hata nikajiona pua. Rwegoshora hakuona kitu. Nilijipongeza kwa kikombe cha rubisi.

Tukaijaribu. Haiingii. Si kwamba imekosea tundu hili au lile. Yote yako mahali pake, kwa mpangilio ule ule, lakini yamesogeleana kama watu kwenye baridi. Ni mtoto wa sahani yetu.

Nikaliomba jani. Eustadia akalitoa. Masikini! Lilikuwa limekauka, kahawia, limejikunja pembe zote. Alikuwa amepewa nafasi ya mbele kwa dereva, akaliweka miguuni, pale injini inapotoa joto, lisije likapata umande. Nia njema kabisa. Bwana Harnam amenisalimu kwa heshima na kuuliza kama mzee alihitaji sahani ya gari au kisosi cha chai, maana yeye amelifuata jani kama alivyolipokea.

Deodatha akasema hata mtoto anayefunga senene anajua kwamba jani likikauka hurudi nyuma. Placidius akasema hata yeye alijua. Nikamwuliza kwa nini alinyamaza. Akajibu kwamba fundi mwenye adabu hampingi mzee. Nilishindwa kumkaripia. Ni mimi niliyemfundisha methali hiyo katika darasa la katekisimu.

Jioni Rwegoshora alipita na lori, akapunguza mwendo, akauliza hali ya kuku. Nikamshukuru. Nikasema hawajambo.

Jumatatu, 15 Julai

Nimetafakari kwa utulivu. Kosa halikuwa la mpango. Lilikuwa la jani. Jani ni maji, na maji huondoka. Kinachotakiwa ni kitu kilichokwisha kukauka zamani.

Lubugo! Nguo ya gome la mti, waliyoivaa babu zetu kabla ya pamba. Baba yangu aliacha moja sandukuni, laini, ya rangi ya udongo. Haijapungua tangu nizaliwe. Nikaitandaza, nikatoboa, nikazungushia wino kila tundu. Kazi ya kupendeza. Hata Placidius alivua kofia.

Eustadia alipoipokea alishtuka, akashika kifua, akauliza amefariki nani. Nikasahau! Huku kwetu hakuna anayesafiri na lubugo siku hizi isipokuwa anakwenda kuzika. Nikamwambia hajafa mtu. Akauliza tena, taratibu, kama ninajisikia vizuri mimi mwenyewe.

Jumatatu, 22 Julai

Eustadia amerudi na sahani, na lubugo yangu, na mananasi kikapu kizima. Abiria walimpa pole njia nzima. Alipojaribu kueleza kwamba hakuna msiba, wakasema machungu humfanya mtu akatae, wakamwongezea nanasi. Rwegoshora mwenyewe alizima injini pale Kyaka ili marehemu aombewe sala fupi. Asubuhi hii alikuja kwangu kunipa mkono wa pole. Akaketi. Akauliza marehemu ni nani. Niliogopa kusema uongo, nikajibu kwamba ni jambo la mbali sana. Akaitikia kwa kichwa, akasema waitu, ndugu yangu, yote ni mapenzi ya Mungu, na macho yake yakaelekea kwenye mti wa msambya.

Sahani. Safari hii matundu ya kati yameingia! Nilimkumbatia Placidius, nikaomba radhi, nikamkumbatia tena. Ya pembeni, ole wangu. Upande wa mashariki yamekikuta kibuyu sawasawa. Upande wa kaskazini yamepitiliza. Bwana Harnam, kwa kupenda kazi safi, aliinyoosha lubugo na kuipigilia misumari mezani isifanye makunyanzi. Kumbe nguo ya gome huvutika upande mmoja na kugoma upande wa pili. Duara langu limekuwa yai.

Hakuna tena muda wa kutuma kipimo kingine. Placidius akachukua tupa, akayarefusha matundu mpaka yakafanana na macho ya mtu aliyeamshwa ghafla. Boliti zikaingia. Kibuyu akakisukuma ndani ya giaboksi huku akikizungusha, mpaka kikazama kwa sauti kama ya mtu anayemeza. Akasema hiyo ndiyo dalili njema. Nilimwamini. Kulikuwa na nini kingine cha kuamini?

Alhamisi, 25 Julai

Limewaka! Limetembea! Kutoka kwenye msambya hadi mwisho wa migomba na kurudi, mimi nikiwa usukani, mguu wa kushoto umepumzika kama wa mfalme. Jovitha alipiga vigelegele, akasema Babu, wewe ni mwanamume. Nikamwomba asiseme mbele ya watu. Aseme mara moja tu zaidi.

Kuna mlio mdogo. Tik, tik, tik. Placidius anasema injini na kibuyu ni maharusi wapya, wanazungumza.

Deodatha akashauri, kwa sauti ya chini, kwamba si vibaya kumwambia Rwegoshora awe karibu na lori lake siku hiyo. Nilikasirika, lakini kwa staha.

Jumamosi, 27 Julai, jioni

Niandike taratibu, kwa ukweli.

Tuliondoka nyumbani vizuri. Jovitha nyuma na mama yake, gauni jeupe, viatu vyeupe. Mimi usukani, koti langu la misheni. Placidius kando yangu, akisikiliza. Kioo kimoja cha nyuma hakipo tangu enzi za Mzungu, na vumbi la Julai unalijua. Deodatha akapachika lubugo ya baba yangu hapo dirishani. Ikaenea barabara, pembe hadi pembe. Kipimo chake cha kwanza kuwa sahihi!

Tik, tik, tik. Tukashuka kilima cha kwanza. Tik, tik. Tukaanza kupanda cha pili. Kra!

Baada ya hapo injini ilinguruma kwa nguvu zaidi kuliko hapo kwanza, na gari likasimama. Nikakanyaga. Injini ikapaza sauti. Gari likatulia. Kama mhubiri mwenye moto mbele ya ushirika uliolala. Placidius akaingia chini, akatoka, akasema mshenga amepasuka katikati. Injini inazunguka peke yake, kibuyu kimekaa.

Hakuna aliyenilaumu. Ningependa mtu anilaumu. Watu waliokuwa wakitufuata kwa nyimbo wakanyamaza mmoja mmoja.

Nikasikia nyuma yangu sauti ndogo. Nikageuka. Jovitha alikuwa ameinama, anavua viatu. Akavishika mkononi, vyote viwili, akafungua mlango. Akasema Babu, si mbali, nitatembea. Alisema kwa sauti ile ile ya bibi yake, bila kulalamika.

Nilimwambia subiri, tafadhali.

Ndipo lori likaja. Rwegoshora akashuka, akatazama gari, akatazama mafuta chini, akanitazama mimi. Hakucheka. Kwa haki, alicheka, lakini alitugeuzia mgongo kwanza. Nikashuka nikamwambia amchukue Jovitha, magunia yakiwamo au yasiwemo. Nilitaka kuongeza radhi, akanikatiza. Akauliza ni nani aliyesema binti ashuke. Akamwagiza Jovitha avae viatu vyake, akachukua kamba ya kufungia kahawa, akaifunga mwenyewe kati ya lori lake na gari langu, kwa mafundo tuliyofundishwa pamoja misheni.

Alipokuwa anafunga alisema mengi, bila kuinua kichwa. Kwamba kila kikapu cha Eustadia kilipopanda, springi za lori zilimwambia sukari ya siku hizi ni nzito. Kwamba Bwana Harnam ni rafiki yake wa chai. Kwamba alisali pale Kyaka akijua anaisalia sahani. Kwamba Mwalimu ungeniambia tu, ningekibeba chuma chako mapajani kama mtoto mchanga.

Nilimjibu kwamba nimeguswa sana.

Basi tukavutwa. Vumbi la lori lilitupiga mbele, lubugo ikalizuia ubavuni. Pale kanisani mlango ukafunguliwa, na Jovitha akakanyaga ardhi. Gauni lilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Viatu vilikuwa mguuni. Vilikuwa vyeupe kabisa! Nikavitazama mpaka Deodatha akanigusa kiwiko, kwamba watu wanasubiri kuingia.

Kobugabe, amefika. Ndani ya gari langu, kama nilivyosema. Suala la injini halikuwamo katika ahadi.

Jumatatu, 29 Julai

Nimepumzika. Goti ni lile lile. Ni wakati wa mtu mzima kukaa na kujiuliza mambo haya yamemfundisha nini.

Yamenifundisha kwamba gari ni zima. Limevutwa kilima kwa kilima, usukani ukatii, matairi yakavumilia. Limepungukiwa na sahani tu. Nikiipata sahani sahihi nitapakia abiria kati ya Igurwa na Nyakahanga, watu wa kuwatazama wagonjwa wao hospitalini, watakaokaa kwenye viti badala ya magunia. Namshukuru Rwegoshora kwa moyo wote, naye atapata mshindani.

Deodatha amenikumbusha, kwa upole mkubwa uliokaribia kuwa ukali, kwamba Rwegoshora amejitolea kuipeleka sahani ya zamani na lile gurudumu la lori kwa Bwana Harnam mwenyewe. Ndivyo. Ndivyo hasa anavyotaka! Ajue kila tundu. Mpango wangu ulikuwa sahihi tangu mwanzo. Kilichokosea ni kitu cha kuandikia, mara mbili.

Sasa nimekipata, na nimekipata harusini. Jioni ngoma zililegea kwa umande, zikawa zinasema pu, pu, kama mtu mwenye mafua. Vijana wakazisogeza motoni. Muda si mrefu ngozi zikakaza, zikalia kwa furaha hata wazee wakanyanyuka! Nilitazama kwa makini. Jani hufa kwenye joto. Lubugo hulegea mikononi mwa watu. Ngozi, kinyume chake, ukiipa moto inazidi uimara.

Asubuhi hii nimeichukua ngozi ya dume lililochinjwa kwa harusi, bado mbichi, bado na unyevu wake. Nikailaza juu ya sahani, nikatoboa. Matundu makali, safi, ya kupendeza. Deodatha alisimama mlangoni akafungua kinywa, akakifunga, akarudi jikoni. Placidius alisema yeye, kama kawaida, hampingi mzee.

Na barua nimeandika. Nimeanza kwa salamu kamili kwa Bwana Harnam na jamaa yake, nikamwomba radhi kwa usumbufu wa sahani zilizotangulia na kwa kuchelewa kumshukuru. Nikamsihi jambo moja tu: kabla ya kupima, aianike ngozi juani siku za kutosha mpaka ikauke kabisa, isije ikamchafulia meza.

Mzigo nimeueleza kuwa ni zawadi ya ngozi, na si uongo. Mwenye lori aliuinua kwa mikono yake, akaunusa, akanitazama kwa muda mrefu, akaniuliza kama nina hakika. Nikamjibu kwamba sijawahi kuwa na hakika kama leo. Akaweka kofia yake vizuri.

Mchukuzi wa barua hiyo pamoja na mzigo wake ni Rwegoshora, ambaye hajui lolote.